Namba za Kutoa Wimbo: ISRC, Msimbopau na ISWC

Kwenye fomu ya msambazaji, yaani kampuni inayopeleka wimbo wako kwenye majukwaa ya muziki, kuna visanduku vya namba ambavyo wasanii wengi huviacha wazi. Msambazaji huvijaza mwenyewe, na kwa muda mambo huenda sawa. Kasheshe huanza siku unapohamia kwa msambazaji mwingine bila kumpa namba za awali: rekodi ile ile inapewa namba mpya, na hesabu ya wasikilizaji huenda ikaanza upya. Kwa hiyo panga namba zako kabla ya kupakia chochote.

Hatua ya 1: Tenganisha vitu vitatu

Utunzi, yaani mashairi na melodia, hupewa ISWC. Rekodi hupewa ISRC. Bidhaa inayoingia sokoni hupewa msimbopau (barcode). Mtu mwingine akiurekodi utunzi wako, ISWC haibadiliki, ila rekodi yake itakuwa na ISRC yake.

Hatua ya 2: Ipe kila rekodi ISRC

ISRC ina jumla ya herufi na tarakimu 12, kwa mfano AA6Q72000047. Tano za mwanzo humtambulisha aliyeruhusiwa kugawa namba hizo. Mbili zinazofuata ni mwaka namba ilipogawiwa, si mwaka wa kurekodi. Wimbo wa zamani unaopewa namba leo huandikwa mwaka wa leo. Tano za mwisho ni mfululizo wako mwenyewe. Kama unatoa nyimbo mara kwa mara, mimi nashauri uombe kiambishi chako (zile tano za mwanzo) kwa wakala wa ISRC badala ya kutegemea cha msambazaji.

Penye utata ni hapa: lini unahitaji namba mpya? Remiksi, toleo fupi la redio, toleo la jukwaani na toleo la ala tupu, kila moja lina yake. Video pia ina yake. Lakini wimbo uliotoka kama singo, kisha ukaingia kwenye albamu bila kuguswa, unabaki na namba ile ile. Hata ukiuza haki za rekodi, namba haibadiliki.

Hatua ya 3: Msimbopau kwa kila bidhaa

Singo yenye wimbo mmoja ina msimbopau wake. Albamu ikitoka kwa CD, kwa santuri na kidijitali, hizo ni bidhaa tatu, misimbopau mitatu. Msimbopau huja kama UPC, yenye tarakimu 12, au EAN, yenye 13. UPC ukiitangulizia sifuri inakuwa EAN halali.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua 012345678905. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, hadi ya kumi na moja: unapata 20. Zidisha kwa 3, ni 60. Ongeza zile za katikati yake (1, 3, 5, 7, 9), inakuwa 85. Kufika 90 kumebaki 5, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Isipolingana, kuna namba iliyokosewa.

Tena, kwenye Excel iweke safu ya misimbopau kuwa ya maandishi, la sivyo sifuri ya mbele inatoweka kimyakimya.

Hatua ya 4: Uchapaji

Mistari ya msimbopau iwe myeusi juu ya nyeupe, na uache nafasi tupu pande zote mbili. Upana wa kawaida wa EAN ni milimita 37.29, usiupunguze chini ya asilimia 80. Mistari myekundu ni marufuku, hata jalada likipendeza vipi: skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, kwa hiyo haziioni.

Hatua ya 5: Sajili utunzi

ISWC hupatikana kupitia chama chako cha hakimiliki. Huanza na T, ikifuatwa na tarakimu 10. Wimbo unaweza kutoka kabla haijapatikana, lakini sajili mapema, pamoja na mgawanyo wa asilimia za watunzi.

Hatua ya 6: Peleka namba kwa fundi

Mpe fundi wa masta, yaani anayekamilisha sauti ya rekodi, orodha ya ISRC kabla hajatengeneza faili la DDP (linalopelekwa kiwandani kutengeneza CD), kwa sababu huziingiza humo humo. Nakala ya orodha hiyo ikae kwako, si kwenye akaunti ya msambazaji pekee.