Kabla ya Kubadilisha Mfumo wa Kompyuta ya Kazi: Hatua Ninazofuata Mezani Pangu

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10, meza yangu hapa karibu na barabara ya Luthuli haijakosa laptopu ambayo mwenyewe anauliza swali lilelile: "Fundi, hii itakubali Kumi na Moja?" yaani Windows 11. Swali hilo hujibika kwa dakika tano. Lililo gumu ni lile ambalo wateja hawaulizi, yaani iwapo printa, programu ya hesabu, kisomaji cha misimbopau na kila kitu kingine kinachoitegemea kompyuta hiyo kitakubali pia. Nimeona mashine zikitimiza masharti yote ya mfumo mpya, na asubuhi yake mwenye duka akashindwa kutoa risiti hata moja. Kwa sababu hiyo mimi huanza na kazi, kisha ndipo nikaifikia mashine.

Hatua ya kwanza: Orodhesha kazi

Keti kwenye kompyuta mahali pale inapotumika, uandike kila jambo inalofanya kwa mwezi mzima. Kando ya kila kazi, andika programu inayohusika na toleo lake, kifaa kinachotumika, na jinsi kilivyounganishwa: kwa waya wa USB, kwa Wi-Fi, au kwa ile tundu pana ya zamani yenye pini nyingi. Katika saiba, kwa mfano, usisahau fomu za ritani ya kodi zilizo katika faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, kwa kuwa hizo huhitaji Excel yenyewe na mara nyingi hukataa kufanya kazi katika programu mbadala. Usitegemee kumbukumbu ya mwenye duka peke yake. Mtu huikumbuka printa anayoitumia kila siku, lakini ile inayowashwa mwisho wa mwezi humtoka akilini.

Mimi mwenyewe niliwahi kuiruka hatua hii katika duka moja la dawa mtaani Kariobangi. Kompyuta ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa mashine, inayokubalika, ila Windows 10 iliyokuwamo ilikuwa ya biti 32, muundo wa zamani ambao nafasi yake imechukuliwa na ule wa biti 64. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo haiwezekani kupandisha mfumo wa namna hiyo juu kwa juu. Ni lazima uufute na kuweka mpya. Nilinakili nyaraka zote, nikafuta diski, nikaweka mfumo mpya, na programu ya kusimamia dawa ikafunguka vizuri. Kisha ikaonyesha ujumbe kwamba ufunguo wake haupo. Ufunguo wenyewe ulikuwa kidude cha kijani cha USB, kidogo kuliko kidole gumba, kilichochomekwa nyuma ya kompyuta na kufunikwa na vumbi kiasi kwamba nilikuwa nimekipita bila kukiona. Taa yake haikuwaka. Draiva yake, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa, ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya biti 32 pekee.

"Lakini fundi, jana si ilikuwa inafanya kazi?" mwenye duka aliniuliza, nami sikuwa na la kumjibu. Kwa siku tatu aliandika mauzo kwenye kitabu, hadi nilipomrudishia mfumo wa zamani na walioitengeneza programu wakamtumia usajili mpya.

Tofauti iliyoniponyoka ni hii. Programu nyingi za biti 32 hufanya kazi bila shida ndani ya mfumo wa biti 64, kwa sababu Windows imeziandalia mazingira yake maalumu. Draiva haziandaliwi mazingira hayo, kwa kuwa nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, na kiini cha biti 64 hakipokei draiva ya biti 32. Programu za biti 16, zile za enzi ya Windows 3.1, hazifunguki kabisa. Ukikuta programu ya zamani ambayo aliyeiandika hapatikani tena, weka alama nyekundu kwenye orodha yako, kisha uihakikishe hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya pili: Soma mashine yenyewe

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha linalofunguka, tazama mistari mitatu: aina ya mfumo, ambapo x64 ni biti 64 na x86 ni biti 32, jina la prosesa, na namna ya BIOS, ile programu inayoiwasha kompyuta, ambayo huonyesha UEFI (ya kisasa) au Legacy (ya zamani). Baada ya hapo rudia vitufe vilevile na uandike tpm.msc, ili uone kama kuna chipu ya usalama ya TPM na kama toleo lake ni 2.0. Windows 11 inahitaji pia memori ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64. Hivyo ni viwango vya chini mno. Kwa kazi ya kila siku mimi sipendekezi memori iliyo chini ya gigabaiti 8, wala diski ya kuzunguka badala ya SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka.

Kinachoangusha laptopu nyingi za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zinazouzwa mjini ni prosesa. Kwa Intel, orodha ya Microsoft inaanza na kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha saba. Kizazi hujulikana kwa tarakimu zinazofuata kistari: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya cha nane, na i5-1135G7 ni ya cha kumi na moja. Kwa hiyo HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, ambazo zimejaa kila pembe ya Nairobi, hazimo, ilhali 840 G5 na T480 zenye prosesa ya kizazi cha nane zimo. Wateja wengi huhangaika na TPM kwa sababu ndiyo inayotajwa sana, wakati kwenye mashine za kizazi cha sita hata ukiipandisha hadi toleo la 2.0, prosesa itakukwamisha palepale.

Ikiwa prosesa inafaa lakini namna ya BIOS ni Legacy, usikate tamaa. Huenda diski imegawanywa kwa mpangilio wa zamani wa MBR, na Windows 10 ina zana ya kuubadilisha kuwa GPT, mpangilio unaohitajika ili kuwasha kwa UEFI, bila kufuta data. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike kwanza mbr2gpt /validate /allowFullOS, ambayo inakagua tu bila kugusa chochote. Diski yenye vigawanyo vikuu zaidi ya vitatu itakataliwa. Usiendelee na amri ya kubadilisha kabla ya kukamilisha hatua ya nne.

Hatua ya tatu: Hakikisha draiva, kifaa kimoja baada ya kingine

Kwa kila kifaa kilicho kwenye orodha, tafuta katika tovuti ya mtengenezaji draiva iliyotajwa waziwazi kuwa ni ya Windows 11 ya biti 64. Ile ya Windows 10 ya biti 64 kwa kawaida hufaa pia, lakini neno "kwa kawaida" halitoshi kwa mtu anayeishi kwa kuchapisha. Printa za leza za bei nafuu za miaka ya nyuma ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Nyingi hazina akili ya kupanga ukurasa zenyewe. Kazi hiyo huachiwa draiva iliyo ndani ya kompyuta, na draiva isipokuwapo, printa nzima haina faida hata kama wino umejaa.

Njia ninayoiamini kuliko tovuti yoyote ni kubeba kifaa chenyewe hadi kwa jirani ambaye tayari ana mfumo mpya, kukichomeka na kuchapisha ukurasa mmoja.

Kabla ya kuondoka kwenye hatua hii, hifadhi draiva zilizomo sasa. Chomeka flashi, tengeneza ndani yake folda iitwayo draiva, kisha katika dirisha la amri la msimamizi uandike pnputil /export-driver * E:\draiva, ukibadilisha herufi E kulingana na flashi yako. Usipofanya hivyo na kadi ya Wi-Fi ikakosa draiva baada ya mfumo kuwekwa upya, hutakuwa na intaneti ya kuitafutia.

Hatua ya nne: Tengeneza njia ya kurudi

Kunakili nyaraka pekee hakutoshi, kama duka la dawa lilivyonionyesha, kwa kuwa nyaraka hazirudishi programu wala usajili wake. Unahitaji nakala ya diski nzima. Pale mteja anapoweza kununua SSD mpya, mimi huchagua njia rahisi zaidi: ninaitoa diski ya zamani, ninaweka mfumo mpya kwenye SSD, na diski ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Likitokea la kutokea, ninairudisha kwa bisibisi na dakika kumi.

Angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga data kwa ufunguo, kwa amri manage-bde -status. Ikiwa imefungwa, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi, kisha usimamishe ulinzi kwa muda kabla ya kugusa mipangilio ya BIOS. Mashine ikiuomba ufunguo huo baada ya mabadiliko na hamna anayeujua, data imepotea.

Hatua ya tano: Pandisha mfumo

Hatua hii ni fupi. Tumia flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Faili ya Windows 11 inazidi gigabaiti 5, hivyo ipakue mahali penye Wi-Fi ya uhakika kuliko kumaliza bando. Betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, yaani betri ya akiba, kwa maana stima ikipotea katikati ya kazi utaishukuru ile hatua ya nne. Chomoa vifaa vyote visivyohitajika. Ianze kazi hii Jumamosi jioni, kamwe isiwe Jumatatu asubuhi.

Ikiwa mashine haikubaliki

Zipo mbinu za kuupita ukaguzi wa prosesa na TPM, na mafundi wengi huziuza kama huduma. Kwenye kompyuta yangu ya majaribio nimezitumia. Kwenye kompyuta inayomlisha mtu sizitumii, kwa sababu Microsoft haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine hizo. Mteja anaweza kujiandikisha kwa masasisho ya ziada ya Windows 10, yanayofika tarehe 13 Oktoba 2026, apate muda wa kutafuta mashine nyingine. Kama kazi yake ni kivinjari, barua na nyaraka za kawaida, Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure isiyo ya Windows, itamfaa. Iwashe kutoka kwenye flashi bila kuiweka, kisha ujaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa, na iwapo laptopu inaamka baada ya kulala.

Hatua ya sita: Jaribu kwa orodha ileile

Rudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza, ufanye kila kazi mbele ya mwenye kompyuta: risiti moja, skani moja, ritani moja iliyofunguliwa na makro zake zikiwashwa. Ikiwa ulipandisha juu kwa juu bila kufuta, Windows hukuruhusu kurudi kwenye mfumo wa zamani ndani ya siku 10, mradi folda ya Windows.old, inayohifadhi mfumo huo, haijafutwa. Kwa hiyo mimi hubandika kipande cha utepe chini ya laptopu na kuandika juu yake tarehe ya siku ya kumi, kisha humwomba mteja anipigie simu kabla haijafika, hata kama hana lalamiko.