Somo: Kumkutanisha sungura mgeni na mwenyeji wake

Mbukwenyi ndugu wafugaji. Somo la leo nimelileta mapema kwa sababu wiki hii nimepigiwa simu tatu zenye kilio kimoja. Mtu kanunua sungura mnadani, kafika nyumbani, kamtumbukiza moja kwa moja kwenye banda la yule wa siku zote ili apate mwenzake. Asubuhi anakuta manyoya yametapakaa na mmoja kajikunyata pembeni anavuja damu. Nami nilianza hivyohivyo. Jike wangu wa kijivu alimchana mgeni sikio, na sikio lile halikuunga tena mpaka leo.

Jike yule hakuwa mkatili. Mtazame sungura wako akimaliza kula: anasugua kidevu kwenye ukingo wa bakuli, kwenye nguzo ya banda, hata kwenye kiatu chako. Chini ya kidevu ana tezi zinazotoa harufu. Sisi hatuinusi, wenzake wanaisoma vizuri. Kila alipopasugua amepapiga muhuri wake. Ukimwingiza mwingine humo, umemwingiza mwizi ndani ya nyumba ya mtu.

Hatua ya 1: Hakikisha jinsia. Usitegemee maneno ya muuzaji. Mlaze chali mapajani, bonyeza taratibu sehemu ya siri: dume hutokeza kimrija cha duara, jike huonyesha mpasuo. Kwa wadogo ni rahisi kukosea, kwa hiyo rudia baada ya wiki mbili. Madume wawili wasiohasiwa usiwaunganishe kabisa. Wanaopatana vizuri zaidi ni jike na dume aliyehasiwa. Ila baada ya kuhasiwa dume anaweza kuendelea kutia mimba kwa wiki kadhaa, basi subiri wiki 4 hadi 6.

Hatua ya 2: Mtenge mgeni. Siku 14 kwa uchache. Mimi huenda mpaka 30. Akae mbali na mwenyeji, na chombo chake cha chakula na cha maji. Kila siku mkague. Chungulia ndani ya masikio: magamba ya kahawia ni utitiri. Angalia pua na kingo za masikio kama zina ukurutu mweupe. Kisha geuza miguu ya mbele uone manyoya ya upande wa ndani. Yakiwa yamegandamana, ujue anajifutia kamasi, na mafua ya sungura huambukiza haraka. Hudumia mwenyeji kwanza, mgeni baadaye, halafu nawa mikono kwa sabuni. Chakula usimbadilishie ghafla; muulize muuzaji alikuwa anampa nini, uchanganye kidogo kidogo.

Hatua ya 3: Wabadilishane harufu. Mgeni akiwa mzima, weka vizimba vyao jirani, nafasi ya kiganja katikati ili wasing'atane pua kupitia wavu. Baada ya siku mbili tatu chukua nyasi alizolalia huyu umtandikie yule. Baadaye wabadilishe vizimba vyenyewe. Mwanzoni mwenyeji atakanyaga chini kwa miguu ya nyuma kwa kishindo na kukojoa hovyo. Mwache. Siku utakayowakuta wamelala kila mmoja upande wake wa wavu, migongo imekaribiana, ndiyo siku ya kuendelea. Kuna waliochukua siku 4, kuna waliochukua mwezi.

Hatua ya 4: Mkutano. Hapa ndipo wengi huharibu. Wakutane mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa: kibarazani, sebuleni, bafuni. Tandika gunia au mkeka, maana sakafu ya saruji inateleza na sungura anayeteleza anaingiwa hofu. Weka boksi lililotobolewa pande mbili, ili anayekimbizwa asinaswe ndani. Tawanya mchunga na matembele sehemu nyingi. Wenye mashamba ya zabibu, majani ya mzabibu wanayapenda sana, lakini yasiwe yamepuliziwa dawa.

Saa ni muhimu hapa kwetu. Sungura hatoi jasho. Anapoza mwili kwa masikio, na joto likipita nyuzi 30 anaanza kutaabika. Kumkimbiza saa nane mchana, Oktoba au Novemba ya Dodoma, ni kumuua. Fanya saa 12 asubuhi au saa 12 jioni. Ndizo saa ambazo wao wenyewe huchangamka.

Dakika 10 zinatosha siku ya kwanza. Kupandana na kufukuzana kidogo ni kawaida, wanapanga nani mkubwa. Ila mmoja akimpanda mwenzake kwa upande wa kichwa, mwondoe, maana wa chini anaweza kumng'ata sehemu za siri. Ukiona masikio yamelala nyuma, mkia umesimama na mmoja anaguruma, pitisha ufagio katikati yao papo hapo. Wakishikana na kuzunguka kama kimbunga usiingize mkono mtupu. Meno yale yanafika kwenye mfupa.

Ishara ninayoisubiri mimi ni moja. Mmoja anainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa chini, anatulia, na mwenzake anamlamba paji la uso.

Hatua ya 5: Banda moja. Wakikaa siku tatu bila ugomvi, osha banda lote kwa maji na siki, panga vitu upya, weka mabakuli mawili. Wahamishie asubuhi, siku ambayo utashinda nyumbani.

Maswali ya wanakikundi (kila mmoja kwa jina la mtaa wake hapa Dodoma)

*Kisasa:* Mwalimu, mimi nataka wazae. Jike na dume wakae pamoja?
Hapana, dada. Mpeleke jike kwa dume, kisha umrudishe kwake. Ukimpeleka dume kwa jike, jike atalinda banda lake. Mimba ni kama siku 31, na jike anaweza kushika nyingine siku hiyohiyo aliyozaa. Wakikaa pamoja unamchosha mama.

*Nkuhungu:* Nina madume wawili ndugu, miezi miwili, wanalala wamekumbatiana. Nao niwatenge?
Wakifikisha miezi mitatu, ndiyo. Wakibalehe undugu unaisha, na hung'atana korodani. Ama wahasiwe wote wawili.

*Ihumwa:* Wiki ya tatu sasa na mwenyeji bado anamfukuza mgeni mpaka anapiga kelele.
Pole sana, kaka. Rudi hatua ya 3, anza upya bila haraka. Wapo wasiopatana kabisa. Hao waishi jirani, wavu katikati, na bado watafarijiana.

*Chang'ombe:* Shikamoo mwalimu. Wa kwangu ameletwa jana asubuhi, mpaka sasa hajala kitu, kajikunja tu.
Marahaba. Hili la kwako lisisubiri. Sungura asipokula kwa saa 12 hadi 24 utumbo unaweza kusimama. Mjaribu na majani mabichi na maji, na uangalie kinyesi chake. Kama hajatoa hata kidonge kimoja, acha unachofanya umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi.