Kufungasha Chakula cha Mchana Kisichohitaji Friji

Anayetoka nyumbani alfajiri kwenda kuchuma karafuu Pemba, au anayeshuka pwani ya Paje kufunga mwani maji yakitoka, hukila chakula chake baada ya saa tano au sita, na muda wote huo kimekaa ndani ya kikapu. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, joto la mchana hufika nyuzi 32 za Selsiasi kivulini, na ndani ya mfuko uliofungwa huzidi hapo. Vijidudu vinavyoharibu chakula na kuleta maradhi huzaliana haraka baina ya nyuzi 5 na 60, na ndiyo sababu wataalamu wa usalama wa chakula husema kwamba chakula kilichopikwa chenye majimaji kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili, na kisizidi saa moja ikiwa hewa yenyewe imepita nyuzi 32. Kwa asiye na friji, basi, zimebaki njia mbili: kubeba chakula kikavu ambacho vijidudu havipati maji ya kukulia, au kubeba chakula cha moto kikabaki moto mpaka kinapoliwa. Kilicho vuguvugu ndicho cha kuogopwa.

Niliwahi kufungasha wali wa nazi na kunde kwa siku ya kuchuma karafuu. Niliutia katika bakuli la plastiki ungali unafuka moshi, nikakaza kifuniko nikiamini kwamba joto lake litaulinda. Adhuhuri tulipofunua, mvuke ulikuwa umegeuka matone chini ya kifuniko, wali unavuta utelezi na kunukia chachu, nasi tukashinda kwa madafu. Kosa halikuwa bakuli peke yake. Tui lina maji na virutubisho vya kutosha kuwalisha vijidudu wa kila namna, na mchele wenyewe huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole, mbegu hizo huamka na kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha tena. Kwa hiyo kiporo kilicholala mezani usiku kucha hakifai kufungashwa, hata kama asubuhi kimekaangwa kwa vitunguu kikanukia vizuri. Najua nyumba nyingi hufanya hivyo. Wengi hawaumwi, na anayeumwa hulaumu maji ya kisima. Samaki wa kupaka, mchuzi wa nazi na mkate wa kumimina uliojaa unyevu navyo viliwe nyumbani.

Msingi wa chakula kikavu ni mkate. Boflo, chapati isiyo na mafuta mengi, mkate wa mofa wa mtama, na maandazi yaliyoiva hadi ndani, vyote hustahimili mchana mzima, kwa sharti kwamba vimepoa kabla ya kufungwa. Vitandazwe juu ya ungo au chano bila kupandanishwa, vifunikwe kwa kawa ili nzi wasitue na hewa ipite, na viachwe mpaka ukivigusa chini hakuna joto. Hapo ndipo vizungushiwe kitambaa kikavu kilichofuliwa na kupigwa pasi. Mfuko wa plastiki huzuia mvuke kutoka, na chapati iliyotiwa humo ikiwa moto hulowa kabla ya saa nne asubuhi.

Kitoweo ndicho kinachowasumbua wengi, kwa kuwa mkate mtupu haumshibishi mtu wa shamba. Ng'onda ni msaada mkubwa, maana chumvi na jua vimekwisha kumwondolea maji, lakini watu humharibu kwa kumloweka na kumpika mchuzi. Aliyelowekwa akapikwa amekuwa sawa na samaki mbichi aliyepikwa, na saa zake ni zile zile mbili. Wa kufungasha ateuliwe mwembamba, apanguswe chumvi ya juu, achomwe juu ya makaa ya taratibu mpaka akauke na kuvunjika kwa vidole, kisha achambuliwe miba na kutiwa katika mkebe mkavu. Ndimu ibebwe nzima na ikamuliwe wakati wa kula. Dagaa wakavu wakikaangwa mpaka wakalia wakitafunwa hufaa vile vile. Jodari na vibua wabichi wana hatari ya peke yao: wakikaa bila barafu kabla ya kupikwa hujenga histamini, inayomfanya mlaji awe mwekundu usoni na kuwashwa mwili, na hakuna kukaanga kunakoiondoa.

Karanga, korosho, tende na siagi ya karanga hazihitaji maelezo. Achari ya ndimu au ya embe hukaa kwa sababu ya chumvi na ukali wake, mradi ichotwe kwa kijiko kikavu. Matunda yabebwe mazima pamoja na kisu kidogo. Papai lililokatwa nyumbani lina masharti ya chakula kilichopikwa. Kachumbari nayo ikatwe huko huko. Yai la kuchemsha huonekana salama kwa kuwa lina ganda, kumbe kuchemsha huondoa utando unaoziba vitundu vya ganda hilo, na kwa hiyo silitii katika mkoba wa mtoto wa skuli atakayelila adhuhuri. Samaki wa kopo na maziwa ya pakiti yaliyopitishwa katika joto kali ni salama mpaka yafunguliwe, na yakifunguliwa yamalizwe.

Anayetaka chakula cha maji, kama maharagwe au supu, atumie hotpoti nzuri yenye mdomo mpana. Ijazwe maji yanayochemka, ifunikwe dakika kumi, maji yamwagwe, kisha chakula kinachotokota kitiwe mara moja mpaka karibu na mdomo, kwa kuwa hotpoti iliyojazwa nusu hupoa upesi. Isifunguliwe njiani kuonja. Kabla ya kuiamini, ijaribu siku moja nyumbani kwa kuijaza maji ya moto na kuyapima kwa kipimajoto baada ya saa tano. Yakiwa chini ya nyuzi 60, hotpoti hiyo ni ya chai ya asubuhi tu. Asiye na kipimajoto abaki na vyakula vikavu, kwani kidole hakitofautishi nyuzi 60 na 50. Chupa ya maji yaliyogandishwa kwa jirani mwenye friji husaidia safari fupi, ingawa barafu ikiyeyuka njiani, mkate ulio karibu nayo hulowa.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kufungasha, hata kama ni ile ile iliyopika. Mwenye kidonda kidoleni amwachie mwingine kazi hiyo, maana bakteria wa vidonda na puani pia hutoa sumu isiyoondoka kwa moto. Kikapu cha ukindu ni bora kuliko mkoba wa nailoni kwa sababu hupitisha hewa. Kitundikwe tawini penye kivuli, mbali na sisimizi, wala kisiachwe juu ya jamvi linaloanikiwa karafuu juani. Wakulima wa mwani wakumbuke kwamba maji hutoka kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo chakula kilichowahi kuliwa mapema juzi, leo kitangoja zaidi, na siku kama hiyo hotpoti ibaki nyumbani, zibebwe chapati na ng'onda.

Kilichobaki kikavu na hakikuguswa kwa mikono ya waliokuwa wakila kinaweza kurudi nyumbani. Cha maji kilichobaki wapewe kuku, na hotpoti ioshwe jioni ile ile, kifuniko na mpira wake vikitenganishwa, kisha viachwe wazi usiku vikauke.