Virusi vilevile, seli tatu: jinsi ya kulinganisha mwitikio wa seli hizo

Hatua zifuatazo ni za virusi vya mafua ya msimu, ndani ya kabineti ya usalama, kwenye maabara ya daraja la pili.

1. Chagua seli kulingana na swali lako. Vero, seli za figo ya tumbili, hazina jeni za interferoni ya aina ya kwanza, protini ambayo seli iliyoambukizwa huitoa kuzionya jirani zake, kwa hiyo onyo hilo haliwezi kutoka kwao. Zinafaa kukuzia virusi, lakini usizitumie kueleza jinsi mwili unavyojihami. Nimeona kazi ya miezi ikipotea kwa kosa hilo. Ziweke pamoja na A549 za pafu la binadamu, na ukiweza, seli za njia ya hewa zilizooteshwa juu ya utando, uso wake ukiwa hewani, kwa takriban wiki 4.

2. Hesabu seli za kisima (kishimo cha sahani ya kuoteshea) kimoja cha ziada kwa kila aina. Ukikuta 200,000 na unataka kirusi 1 kwa seli 10, weka chembe ambukizi 20,000.

3. Osha mara mbili kuondoa seramu, majimaji ya damu yanayolisha seli. Usiruke hapa: virusi vya mafua huhitaji tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, ikate protini yao ya nje ndipo viambukize seli nyingine, na seramu huizima tripsini hiyo.

4. Weka virusi kwa saa 1, nyuzi 37, ukiyumbisha sahani kila dakika 15 seli zisikauke. Osha, kisha kwa Vero na A549 ongeza midia (kimiminika cha kuoteshea seli) yenye tripsini. A549 hubanduka upesi, kwa hiyo anza na kiasi kidogo. Visima vya ulinganisho vipate kila kitu isipokuwa virusi. Seli za visima hivyo nazo zikibanduka, tatizo ni tripsini.

5. Chukua sampuli saa ya 2, 24 na 48. Virusi kutoka seli zote vihesabiwe juu ya aina moja tu, MDCK (seli za figo ya mbwa), la sivyo unalinganisha vipimo viwili tofauti.

6. Tazama kwa darubini. Vero na A549 zilizoathirika hujikunja duara, hung'aa kingoni, kisha huelea. Seli za njia ya hewa huweza kuonekana nzima huku vinyweleo vyake vikipiga kwa ulegevu, kwa hiyo usingoje zife. Virusi hutokea upande wa juu: suuza uso huo kwa midia, uiache dakika chache, ndipo uivute. Ukipima kimiminika cha chini pekee utadhani hazikuambukizwa.