Somo: Namna ya kupanga kategoria kwenye kanzidata ya wakusanyaji gemu

Wanachama wapya kutoka Iringa, Njombe na Songwe wanaingia kwa kasi, kila mmoja na mzigo wake, na hilo linanifurahisha sana. Tatizo ni kwamba kategoria ya "Nyinginezo" sasa imejaa kuliko zote. Ndani yake kuna kaseti, pedi, adapta, CD za kuchoma na makava matupu. Mtu akitafuta gemu alilocheza utotoni halipati, ingawa lipo. Somo hili ni la kuifuta "Nyinginezo" kabisa, ili kitu ulichookota kwenye rundo la mitumba pale Mwanjelwa kiwe na mahali pamoja tu pa kukaa, na mwenzako wa Songea au Sumbawanga akikitafuta akikute hapo.

Shikeni jambo moja kabla ya yote. Kategoria inajibu swali la "hiki ni nini?" Kikoje, kiko wapi, ulikinunua bei gani, unakipenda kiasi gani, hayo yana sehemu zake za kujaza. Vurugu karibu yote tuliyonayo imetokana na kuchanganya hayo mawili.

Hatua ya 1: Mashine ndiyo msingi

Usifungue kategoria ya "Nintendo" ukaitupia kila kitu. Famicom ilitoka Japani mwaka 1983, NES ikaingia Marekani 1985, Game Boy ikatoka 1989, Super Famicom 1990, Nintendo 64 mwaka 1996. Zote ni za Nintendo, lakini kila moja ina kaseti zake. Jina la mtengenezaji liwe kichwa tu; chini yake ziwepo mashine, na vitu vipangwe chini ya mashine. Kwa Sony ni vivyo hivyo: PlayStation, PlayStation 2, PSP, kila moja peke yake.

Chini ya kila mashine fungua matawi matatu: mashine yenyewe, magemu, na vifaa. Pedi, kadi ya kumbukumbu, adapta na waya wa AV vyote ni vifaa. Kumfungulia kila waya tawi lake ni kujichosha bure.

Hatua ya 2: Famicom, NES na zile zetu za kaseti

Hapa someni taratibu, kwa sababu ndipo penye mali nyingi ya huku kwetu.

Zile mashine za kaseti tulizokulia nazo, zenye pedi mbili na bunduki ya plastiki, nyingi hazikutengenezwa na Nintendo. Ni nakala za viwanda vya Asia zilizoiga Famicom, na kaseti zake zina pini 60 kama za Famicom. Kaseti ya NES ni kubwa zaidi na ina pini 72. Basi usidanganywe na picha ya kwenye lebo. Igeuze kaseti, tazama mdomo wake, hesabu pini za shaba: 30 mbele, 30 nyuma. Ukikuta hivyo, hiyo si NES hata kama lebo inasema vinginevyo.

Kwa nini nasisitiza? Chukueni lile gemu la vifaru, ambalo kazi yako ni kulinda alama ya tai iliyozungukwa na matofali. Hilo ni Battle City, Namco waliitoa kwa ajili ya Famicom mwaka 1985. Halikutolewa kwa NES, si Marekani wala Ulaya. Anayeamini kuwa mashine yake ilikuwa "Nintendo ya kawaida" atalitafuta kwenye orodha ya NES mpaka achoke. Na kama kaseti yake inasema Tank 1990, hilo ni Battle City lililobadilishwa na watu wengine, kwa hiyo ni ingizo jingine.

Pendekezo langu ni tuwe na kategoria inayojitegemea, "Mashine za mfano wa Famicom", ikae ngazi moja na Famicom na NES, ikiwa na matawi yale yale matatu. Kaseti ya magemu mengi iandikwe kwa jina lililo kwenye lebo, hata kama ni "9999999 in 1". Kisha iwashe, pitia orodha, na kwenye maelezo andika magemu yaliyo tofauti kweli. Mara nyingi utakuta ni machache tu yanayojirudia kwa majina mengine, au yanayokuanzishia hatua ya mbele. Mwenye bisibisi aifungue pia. Ndani ya nakala mara nyingi hakuna chipu zenye namba. Kuna tone la gundi nyeusi, gumu, limekaa juu ya ubao mdogo kuliko kasha lenyewe. Piga picha ubao huo pande zote mbili uiambatishe. Ni ushahidi mzuri kuliko lebo.

Wapo wanaotaka nakala zisiingizwe kabisa. Mimi napinga kwa moyo wote. Tukizitoa, watoto waliocheza Sokomatola, Tukuyu na Makambako miaka ya 1990 na 2000 watakuwa hawakucheza kitu. Kuandika kwamba kitu kilikuwepo si kukihalalisha. Sharti langu ni moja: nakala iitwe nakala. Ukiiweka chini ya Famicom halisi, kuna siku mtu atainunua kwa bei ya kitu halisi kwa sababu ya ingizo lako.

Hatua ya 3: Eneo na msimbo

Eneo lisiwe kategoria. Lijazwe kwenye sehemu yake, na lisikisiwe. Lisomwe kwenye kitu. Kwa PlayStation na PlayStation 2 tazama msimbo ulio kwenye diski na ubavuni mwa kava. SLES na SCES ni Ulaya, yaani eneo la PAL, mfumo wa TV wa huko. SLUS na SCUS ni Marekani ya Kaskazini. SLPS, SLPM na SCPS ni Japani. Msimbo uandike wote pamoja na tarakimu zake, maana ndio unaotofautisha matoleo mawili yenye kava moja. PS2 yenyewe ina namba chini ya tumbo: SCPH-70004, kwa mfano, ni ile nyembamba ya Ulaya, na 70001 ni ya Marekani ya Kaskazini.

Hatua ya 4: Gemu moja, majina mawili

Mpira wa Konami huku wengi tuliuita "Winning" tu. Winning Eleven ni jina la Japani. Ulaya ni Pro Evolution Soccer. Winning Eleven 10 ya Japani na PES 6 ya Ulaya, zote za 2006, ni gemu moja. Contra nayo ilipofika kwenye NES za Ulaya iliitwa Probotector, na wale askari wakageuzwa roboti.

Fungua ingizo moja la gemu, kisha chini yake matoleo: jina lililo kwenye kava, eneo, mwaka wa toleo hilo, msimbo. Majina mengine yaingie kwenye "majina mbadala" ili anayetafuta kwa jina lolote afike. Mwaka usiuweke kwenye gemu. Ni wa toleo, kwa kuwa Japani mara nyingi ilitangulia.

Hatua ya 5: Hali, mahali na aina

Hali ina ngazi nne: kamili na kava na kitabu; ina kava lakini haina kitabu; kitu kitupu; haifanyi kazi. Mahali ni nyumbani kwako, si kategoria. Aina ya mchezo, iwe mpira, mbio, mapigano, risasi au mafumbo, ni tagi, na mbili zinatosha.

Hatua ya 6: Kuhamisha bila kupoteza

Kwanza pakua orodha yako yote kama jedwali uihifadhi kwenye simu na kwenye flashi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, una pa kurudia. Fungua kategoria mpya, hamishia vitu vya mashine moja, hakikisha idadi inalingana na ya zamani, ndipo uende mashine nyingine. Kategoria ya zamani ifutwe ikiwa tupu. Ukiifuta ikiwa na vitu ndani, vitarudi vyote "Nyinginezo".

MASWALI YA WANACHAMA

Iringa: Kamwene, mwalimu! Nina kaseti mbili za Sega, moja imeandikwa Mega Drive, nyingine Genesis. Ni mashine mbili?

Kamwene! Ni mashine moja. Ilitoka Japani mwaka 1988 kwa jina la Mega Drive, na huko Marekani ya Kaskazini ikauzwa kama Genesis kuanzia 1989. Kategoria yetu ni "Mega Drive", na "Genesis" ni jina mbadala. Kaseti yako ya Genesis utaijazia eneo la Marekani ya Kaskazini, basi.

Tunduma: Shikamoo. Nilikuwa na banda la gemu, zimebaki CD za PS2 za kuchoma, zimeandikwa kwa makapeni tu. Msimbo nitautoa wapi?

Marahaba, kaka. Umo ndani. Weka diski kwenye kompyuta yenye kisomeo cha DVD, fungua orodha ya mafaili. Utaona moja linaitwa SYSTEM.CNF na jingine lenye jina la msimbo, nukta ikiwa katikati ya tarakimu. Ukiona SLUS_209.46, hiyo ni gemu la San Andreas la Marekani ya Kaskazini, SLES_525.41 ni la Ulaya. Liweke kwenye ingizo la gemu hilo kama toleo la "nakala ya kuchoma". Zile za mpira zilizobadilishwa wachezaji na jezi zitabaki na msimbo wa gemu la asili, kwa hiyo eleza kilichobadilishwa. Na usizitupe, tafadhali. Za namna hiyo hakuna orodha nyingine itakayozitunza.

Tukuyu: Mvua za huku zimeniharibia makava, yana ukungu. Nifungue kategoria ya "Zilizoharibika"?

Hapana, dada. Kava likiharibika gemu linabaki kuwa lile lile. Jaza sehemu ya hali, na kwenye maelezo andika "ukungu kwenye kava". Vitu vyenyewe vikaushe kivulini na si juani, kwa sababu jua linafifisha lebo. Kisha weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Sakafuni usiweke.

Makambako: Brick Game, ile ya mkononi ya matofali yanayoshuka, inakaa wapi? Haina kaseti.

Ndiyo maana inahitaji kategoria yake: "Mashine zenye gemu la ndani". Humo zinaingia zote zisizobadilishwa kaseti, pamoja na Game & Watch za Nintendo za kuanzia 1980. Haina matawi. Rangi, idadi iliyoandikwa usoni na aina ya betri zinatosha.

Uyole: Nimepata kaseti nyeusi ya Game Boy, inacheza kwenye Game Boy ya zamani na kwenye Game Boy Color. Niiweke mara mbili?

Mara moja tu. Soma msimbo wa kwenye lebo: ukianza na DMG, iweke Game Boy, kisha weka tagi ya "ina rangi kwenye Color". Ukianza na CGB, iweke Game Boy Color. Hizo mara nyingi kasha lake linaonesha ndani na hazichezi kwenye mashine ya zamani.

Mafinga: Na magemu ya kupakua yanaingia? Hayashikiki.

Yanaingia. Toleo lake litaandikwa "la kupakua", na sehemu ya mahali utaandika mashine lilipo, si jina la akaunti yako wala nywila. Yapeni kipaumbele yale ya Wii U na 3DS: duka lake la mtandaoni liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023, na lililomo kwenye mashine yako huenda likawa ndilo pekee Mafinga nzima. Andika pia namba ya toleo la programu, ipo kwenye ukurasa wa taarifa za gemu.