SOMO: Kujua udongo wako ni wa aina gani (shimo, maabara, hali ya hewa na umbo la ardhi), Moshi na Arusha

Wakuu, naandika uzi huu ili kuanzia leo niwe natuma kiungo tu. Ujumbe ninaopata ni ule ule: picha ya karatasi ya maabara iliyopigwa kombo, pH 5.9, chini yake N, P na K, halafu swali, "Mkuu, huu ni udongo gani?"

Karatasi hiyo haiwezi kukujibu. Inaeleza sentimita 20 za juu, basi. Inafaa kwa kupanga mbolea ya msimu huu. Aina ya udongo husomwa kutoka juu hadi chini ya shimo, majibu ya maabara yakafuata tabaka kwa tabaka, kisha yote yakawekwa kwenye mvua, joto na mahali shimo lilipo kwenye mteremko. Na usinijibu kwamba simu yako imeshakuonyesha. Ramani ya mtandaoni ya SoilGrids ina vipande vya mita 250 na ile ya iSDAsoil vya mita 30, zote ni makadirio ya kompyuta. Ni nzuri kwa kuanzia, lakini hakuna aliyechimba shambani kwako.

1. Chagua mahali pa shimo. Usichimbe penye jalala, njia ya ng'ombe, mfereji wa zamani au palipokuwa na zizi. Kama shamba lina mteremko, shimo moja halitoshi: moja juu, moja katikati, moja chini. Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga, alilieleza hili mwaka 1935 na akaliita katena: mlima mmoja, mvua ile ile, lakini mgongoni udongo mwekundu na bondeni mbuga nyeusi, kwa sababu maji na chembe hushuka.

2. Chimba. Mita 1.5 kwenda chini, ukuta wa kusomea uelekee jua, na juu ya ukuta huo pasikanyagwe wala pasirundikwe kifusi.

3. Soma ukuta. Tenganisha matabaka kwa kisu, pima kina, andika rangi ya udongo mbichi kwa kitabu cha Munsell, mizizi, mawe, nyufa, mabonge yanavyovunjika. Dondosha asidi ya haidrokloriki ya 1 M kila tabaka. Ikichemka povu, kuna chokaa.

4. Chukua sampuli. Hapa msome polepole, maana hapa ndipo kazi nyingi za ukanda wetu huharibikia, na huwezi kurekebisha ukiwa maabara.

Udongo wa jivu la volkano, wa Meru na wa miteremko ya juu ya Kilimanjaro, una alofani. Hizi ni chembe ndogo mno zinazoshika maji mengi. Ukiukausha sana, chembe hushikamana na hazirudi zilivyokuwa hata uziloweke. Matokeo yake, maabara inakuandikia mfinyanzi asilimia 15 kwenye udongo ambao mkononi unateleza kabisa, na kiasi cha maji unachoshika kinashuka. Namba zinatoka safi, zina muhuri, na si za kweli.

Kwa hiyo kila tabaka toa sampuli mbili. Ya kwanza, kilo moja, ianike kivulini kwenye karatasi kwa ajili ya pH, kaboni, CEC (uwezo wa udongo kushika virutubisho) na virutubisho vyenyewe. Ya pili, nusu kilo, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ikiwa na unyevu wake wa shambani, ibaki kwenye ubaridi, na uiandike kwa herufi kubwa USIKAUSHE. Hiyo ndiyo ya ulaini wa chembe (kiasi cha mfinyanzi na mchanga) na ya kushika maji. Maabara nyingi hukausha kila kinachoingia mlangoni kwa mazoea, kwa hiyo usiishie kwenye lebo. Mwambie mpokeaji kwa mdomo, na akuandikie kwenye fomu.

ONYO: Usianike juani juu ya bati. ONYO: Usichanganye matabaka ili kuokoa gharama. Bora upime matabaka matatu vizuri kuliko sita yaliyovurugwa. ONYO: Uzito wa ujazo hupimwa kwa pete ya chuma (sm³ 100 ndiyo ya kawaida) iliyosukumwa ukutani taratibu, ikakaushwa kwa nyuzi 105. Ukiigonga kwa nyundo kama msumari unaubana udongo, na kwenye jivu la volkano kosa hilo tu linatosha kubadilisha jina la udongo.

5. Kipimo cha floridi ya sodiamu (NaF). Gramu 1 ya udongo, mililita 50 za NaF ya 1 M, koroga, soma pH baada ya dakika 2. Ikifika 9.5 au zaidi, kuna dalili ya alofani au ya aluminiamu iliyoshikwa na mboji. Ni kipimo cha haraka ninachokipenda sana, lakini kina mtego: chokaa nacho hupandisha pH. Ndiyo maana hatua ya 3 inatangulia. Udongo wa tambarare za Kahe unaochemka kwa asidi ukakupa 10 kwenye NaF haujakuambia chochote kuhusu jivu.

ONYO la usalama: NaF ni sumu. Vaa glavu, tumia vyombo vya plastiki, na chupa yake isikae mfuko mmoja na ile ya asidi. Zikikutana hutengeneza asidi ya haidrofloriki, na hiyo hupenya ngozi hadi mfupani.

6. Omba vipimo sahihi. pH ya maji na ya KCl, kaboni, CEC kwa asetati ya amonia ya pH 7 pamoja na Ca, Mg, K na Na, ulaini wa chembe, chumvi (EC). Fosforasi: Bray 1 kwa udongo wenye tindikali, Olsen kwa wenye pH zaidi ya 7. Kwa udongo wa jivu ongeza aluminiamu (Al) na chuma (Fe) vinavyoyeyushwa kwa oksaleti, na kiasi cha fosforasi inayonaswa. Uliza kwanza kama wanavifanya. Si kila maabara inavyo.

7. Hali ya hewa. Takwimu za kituo cha TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kilicho karibu ndizo za kwanza. CHIRPS, makadirio ya mvua ya satelaiti, ina mvua tangu 1981, lakini kipande chake ni kama kilomita 5, na kwetu kilomita 5 kutoka barabara kuu kupanda Kibosho au Machame ni mamia ya mita za mwinuko. Moshi mjini mvua haifiki 1,000 mm kwa mwaka, ukanda wa msitu upande wa kusini inapita 2,000. Upande wa kaskazini mlima unazuia mvua. Kwa hiyo usiseme "mvua ya Kilimanjaro". Taja upande na mwinuko.

Joto likadirie kwa kupunguza nyuzi 0.6 kila mita 100 unazopanda. Moshi mjini wastani wa mwaka ni nyuzi 23 hadi 24. Shamba lililo mita 750 juu yake litakuwa na kama 19. Udongo kwenye kina cha sentimita 50 huwa na joto kidogo zaidi ya hewa, tuseme 21. Mfumo wa Marekani wa kutoa majina ya udongo unaiweka chini ya mstari wa 22, mjini panabaki juu yake. Mfumo wa kimataifa, WRB (toleo la nne ni la 2022), hautumii hali ya hewa kabisa kutoa jina. Usichanganye vigezo vya mifumo hiyo miwili kwenye ripoti moja.

8. Umbo la ardhi. Pakua SRTM (ramani ya mwinuko) ya mita 30, fungua QGIS (programu ya ramani), ibadilishe kwenda UTM 37S (EPSG 32737), inayopima kwa mita, KABLA ya kukokotoa mteremko, kisha toa mteremko, uelekeo na njia za maji.

9. Unganisha. Al ya oksaleti jumlisha nusu ya Fe ifike asilimia 2, uzito wa ujazo usizidi gramu 0.9 kwa sm³, fosforasi inayonaswa ifike asilimia 85: hapo unazungumzia Andosoli, yaani udongo wa jivu la volkano. Mfinyanzi asilimia 30 au zaidi, nyufa pana kiangazi, na nyuso zilizosuguana zikang'aa huko chini: Vetisoli, yaani mbuga. Sodiamu asilimia 15 au zaidi ya CEC: magadi. Jina likipingana na mahali shimo lilipo, mfano Andosoli katikati ya mbuga, rudi kwenye sampuli kabla hujatangaza ugunduzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Himo: Mkuu somo zuri. Mimi nina pH 6.1, P ndogo, K nyingi. Huu ni udongo gani?

Jibu: Soma aya ya pili.

Mwanachama, Ngaramtoni: Somo refu sana. Fupisha, kesho asubuhi nina wasilisho chuoni.

Jibu: Shimo halichimbwi usiku. Wasilisha ulichonacho na useme ni cha sentimita 20 za juu.

Mwanachama, Boma Ng'ombe: Unatisha watu bure. Sisi tumeanika sampuli juani miaka yote na majibu yanatoka.

Jibu: Sijasema hayatoki, nimesema kwenye jivu la volkano yanadanganya. Kama shamba lako ni mfinyanzi mwekundu wa chini, hasara yako ni ndogo. Huko juu, chukua sampuli moja, igawe, nusu ianike juani na nusu ipeleke mbichi. Ukipata mfinyanzi sawa, njoo uniumbue hapa hapa.

Mwanafunzi, Tengeru: Shikamoo mwalimu. Sampuli zangu za juu ya Usa River zilishakaushwa na bajeti imeisha. Maabara imeandika mfinyanzi 18%, maji yanayobaki kwenye mgandamizo wa 15 bar ni 19%, kaboni 4%. Mkononi niliona mfinyanzi mwingi. Je, naweza kujua kama 18 ni uongo?

Jibu: Marahaba. Hili ndilo swali nililokuwa nasubiri. Gawanya maji ya 15 bar kwa mfinyanzi: 19 kwa 18 ni zaidi ya 1. Ikipita 0.6, shuku kwamba chembe hazikuachana kwenye kipimo. Kisha kadiria upya: toa kaboni kwenye maji, zidisha kwa 2.5. Yaani 19 toa 4 ni 15, mara 2.5 ni 37.5. Iandike kuwa makadirio, usifute ile 18, weka zote mbili na ueleze. Na kwa kuwa sampuli ilishakauka, hata hiyo 19 huenda imeshuka, kwa hiyo mkono wako ulisema kweli kuliko karatasi. Jitahidi upate sampuli moja mbichi ya tabaka la pili, maabara za vyuo wakati mwingine humsaidia mwanafunzi.

Mwanafunzi, Tengeru: Asante sana mwalimu. Na kaboni iliyopimwa kwa njia ya Walkley-Black niizidishe 1.3 au wameshazidisha?

Jibu: Waulize. Wengine huzidisha, wengine hawazidishi, na karatasi haisemi. Ukizidisha tena walichokwisha kuzidisha utakuwa na mboji ya hewani.

Mkulima, Arusha Chini: Kipande changu kina weupe juu kiangazi, mpunga unaungua. EC iko juu, sodiamu 22% ya CEC. Ni magadi?

Jibu: Huenda, lakini angalia: chumvi ikiwa nyingi, sodiamu iliyo kwenye maji ya udongo huhesabiwa pamoja na ile iliyoshikwa na mfinyanzi, namba ikapanda. Omba wasuuze chumvi kwanza au watoe ile ya majini kwenye hesabu. Ni muhimu mfukoni kwako, kwa sababu chumvi tupu huondoka kwa maji safi na mfereji wa kutolea, bali magadi yanataka jasi kwanza, ndipo uoshe. Jasi inachimbwa Makanya, si mbali. Usinunue gari zima kabla ya kipimo, na kama maji hayana pa kutokea, jasi haitakusaidia.

Mwanachama, Moshi: Mteremko kwenye QGIS unanipa nyuzi 89 shamba zima. Kuna kasoro kwenye SRTM?

Jibu: Hatua ya 8. Neno KABLA lina herufi kubwa. Ramani yako iko kwenye digrii na mwinuko uko kwenye mita.

Mwanachama, Marangu: Nyongeza kidogo wakuu: chini ya miti mirefu SRTM husoma karibu na vilele vya miti, kwa hiyo ukingo wa msitu unaonekana kama ngazi.

Jibu: Kweli kabisa, nashukuru. Wenye migomba chini ya miti ya kivuli nao waliangalie hilo.

Mwanachama, Monduli: Nina ramani ya zamani ya 1:50,000. Shimo langu la GPS linaangukia ng'ambo ya korongo ambalo sikuvuka.

Jibu: Ramani hizo ziko kwenye mfumo wa vipimo wa Arc 1960 na GPS yako iko kwenye ule wa WGS84. Tofauti huku kwetu ni karibu mita 300. Badilisha mfumo kwenye QGIS, usisogeze nukta kwa mkono.

Mwanachama, Uru: Kitabu cha Munsell ni ghali. Picha ya simu haifai?

Jibu: Haifai, kila simu ina rangi zake. Azima kitabu kwa siku moja, lowesha kipande cha kila tabaka, soma vyote mfululizo nje kwenye mwanga wa mchana, si jioni. Vipande unaweza kuvibeba kwenye trei ya mayai, andika kina kwa kalamu kwenye kila tundu.