Igizo la papo kwa hapo: namna ya kuingia kundi la wanaoanza Bagamoyo

Katika igizo la papo kwa hapo hakuna mswada wala kukariri. Wawili wanasimama katikati, wanapewa jambo dogo kama mnada wa samaki, na maneno yanazaliwa palepale. Michezo mingi inayofundishwa ilibuniwa na Viola Spolin wa Chicago, aliyefanya kazi na watoto wa familia za wahamiaji. Tangu mwanzo ilikuwa njia ya kuwazoesha wageni wao kwa wao. Kwa hiyo ukihamia Bagamoyo na humjui mtu, huna haja ya kuwa mchekeshaji ndipo ujiunge.

Pa kuanza kuulizia ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), chuo kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Wanaosoma na kufundisha pale ndio wenye habari za nani anaendesha mazoezi mjini. Uliza mambo matatu: mnakuwa wangapi (8 hadi 14 inatosha, zaidi ya hapo utakaa sana ukitazama), mwisho kuna onyesho mbele ya watu, na je, simu zinarekodi? Kwa anayeanza, mawili ya mwisho yajibiwe hapana.

Saa nzuri ni kati ya sala ya alasiri na magharibi, yaani saa 10 hadi 11 na nusu jioni. Vaa nguo isiyokubana. Dera refu hukanyagwa mnapokimbia, basi likunje kiunoni kwa kanga. Fika dakika 10 kabla, salamu na shikamoo ziishe nje ya duara. Ndani ya mchezo kijana anaweza kupangiwa kumfokea mzee. Mwendeshaji akipiga makofi, igizo limekwisha na heshima inarudi mahali pake.

Kanuni ni moja: pokea, kisha ongeza. Mwenzio akisema, "Nahodha, ngalawa inaingiza maji," ukajibu, "Ngalawa gani? Hapa ni sokoni," umemuua. Ukijibu, "Ndiyo maana nimekuja na sufuria la mama mkwe," tayari kuna safari, kuna sufuria, na kuna mama mkwe atakayelidai.

Mchezo unaowanasa wengi ni hadithi ya neno moja moja. Mnakaa watu 5 au 6, kila mmoja anatoa neno moja, sentensi inazunguka. Kwa Kiswahili mchezo huu una meno. Umejiandaa na "mkubwa", lakini aliye kabla yako kasema "kisu". Neno lako halifai tena, sasa ni "kikubwa", na anayefuata lazima aseme "kilianguka" au kitu cha namna hiyo. Ngeli inakufichua kwamba ulikuwa unapanga badala ya kusikiliza. Shida mbili hujitokeza. Mwenye zamu ya "ya" au "cha" hujiona kapunjwa, hivyo kubalianeni kwamba neno hilo dogo na linalolifuata yanahesabiwa neno moja: "ya dafu". Pili, kitenzi kimoja kama "akamnyang'anya" hubeba nusu ya hadithi. Msikiogope, ila anayefuata asikimbilie kukirekebisha. Kosa la ngeli lisisimamishe duara. Chekeni, endeleeni.

Mnapofika kwenye maigizo ya wawili, adui mkubwa ni salamu. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, na dakika 2 zimekwisha bila jambo. Sentensi ya kwanza itaje ni nani, wapi, na kuna nini: "Shemeji, hiyo kahawa unayonywa ni ya msibani." Maswali nayo ni kikwazo, kwa sababu anayeuliza "Unafanya nini?" amemtupia mwenzie kazi yote ya kubuni. Geuza swali liwe taarifa.

Utani umo damuni mwetu, lakini mtani wako mmejuana. Mgeni aliyeingia leo hajakupa ruhusa. Kabila, dini na maumbile ya mtu viachwe nje, na mwendeshaji aliseme hilo kabla ya mchezo wa kwanza. Asiposema, liulize wewe.

Jipangie vipindi 4 kabla ya kuamua kuacha. Cha kwanza huwa aibu tupu, cha pili unahofia kurudia, na kwa kawaida ni katika cha tatu ndipo unaacha kujitazama. Mazoezi yakiisha usikimbilie bodaboda. Kaa kwenye mkeka, changa pesa ya kahawa na kashata: hapo ndipo watu hupeana namba, na mwenye chumba cha kupangisha hukumbuka kwamba unatafuta.